Senta Fowadi na Ndege wa Mofu

Jumatano, 18 Mei 1955

Leo nimebishana mpaka koo limekauka. Barazani kwa Fulgensi, fundi cherehani, kama kawaida. Maneno ni yale yale – timu ya Tanganyika. Mwaka jana kombe limekwenda Uganda. Mimi nilisema mapema, mwenye masikio alisikia. Wanachagua watu wa mjini tu! Bonde hili hawalijui.

Fulgensi anasema tulifungwa kwa sababu vijana wetu hawana buti. Upuuzi. Mimi mwaka 1917, wakati wa vita vya Mjerumani, nilicheza na askari wa Kiingereza kule Morogoro. Wao buti, mimi miguu mitupu. Nilifunga magoli matatu. Mashahidi wamekufa, lakini magoli ni yale yale.

Habari kubwa: kuna bwana wa chama cha mpira anazunguka kutafuta watu wa timu ya Tanganyika. Atafika Ifakara Pentekoste, siku tunayocheza na Mahenge kiwanja cha misheni. Akimpenda mtu, Jumatatu anaondoka naye kwa lori mpaka Dar es Salaam, akajaribiwe.

Nikasema: mtu huyo ni Evaristo, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Acheze katikati. Senta fowadi. Basi!

Fulgensi kasimamisha cherehani. Yeye anamtaka Pantaleo, karani, mwenye buti. Evaristo awekwe wingi ya kushoto, pembeni huko, akimbizane na upepo. Anasema, mzee unamsifu kwa sababu ni damu yako. Nikamwambia, na wewe unamsifu Pantaleo kwa sababu suruali zake anashona kwako. Baraza zima wakacheka. Nimeshinda.

Alhamisi, 19 Mei. Kupaa kwa Bwana.

Baada ya misa nimemkamata mwalimu Theodori, yeye ndiye anayepanga timu. Nimemweleza mpira. Nikamchorea kwa fimbo mchangani – mabeki wa Mahenge ni warefu, wamezoea mipira ya juu. Kwa hiyo sisi pasi fupi, chini chini, halafu Evaristo anawapita katikati kama kambare kwenye matope.

Mwalimu kasikiliza kwa adabu. Akasema mchoro mzuri, mzee, lakini mchezaji wako yuko wapi? Mazoezini haonekani. Akifika Ijumaa ijayo nampanga katikati. Asipofika ni Pantaleo.

Nikasema atafika. Nimesema tu. Evaristo yuko Mofu, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, anafukuza ndege kwenye mpunga wa mama yake.

Jumapili, 22 Mei 1955

Theodosia, mama yake Evaristo, amekuja Ifakara kwa misa ya kumwombea mumewe. Nikamngoja nje ya kanisa. Akapiga goti, shikamoo shemeji. Nikaitikia, nikaanza moja kwa moja: nataka mtoto aje acheze.

Hakukasirika. Angekasirika ningemweza. Akasema mpunga umeanza kujaza maziwa, ndio wakati ndege kwelea wanaupenda. Mwaka jana alikwenda msibani asubuhi moja tu, kurudi kakuta makapi. Wakala ugali wa kuomba. Yeye peke yake hawezi pande zote mbili za shamba. Akaniuliza, huo mpira unapikwa na mboga gani, shemeji?

Fulgensi na wenzake walikuwa nyuma yangu, wanasikiliza bila haya. Fulgensi akasema, mzee hodari wa kupanga watu, leo ajipange mwenyewe! Wakacheka.

Theodosia hakucheka. Alinitazama. "Basi kaa wewe kwenye dungu, shemeji. Ukikaa, namwachia. Wakimchukua huko Dar es Salaam, unakaa mpaka tuvune."

Nikasema ndiyo. Kwa sauti, wasikie wote.

Nimefika nyumbani ndipo nikaona – mechi sitaiona! Mimi!

Jumatatu, 23 Mei

Mke wangu Balbina anacheka tangu alfajiri. Anasema tuma mtu, useme mgongo unauma. Hauumi. (Unauma kidogo.) Nimeshasema ndiyo mbele ya Fulgensi. Naenda.

Alhamisi, 26 Mei 1955. Mofu.

Nimefika. Njia matope matupu, baiskeli nimeibeba mimi zaidi ya ilivyonibeba yenyewe. Mzee mwingine angerudi.

Dungu ni refu, miguu yake bado imesimama ndani ya maji. Kamba zimetoka juu yake kwenda kila upande, zimefungwa madebe. Ukivuta, yanalia. Na kombeo la kurushia udongo. Kazi ya mtoto, nikasema. Evaristo akatabasamu.

Kijana amekonda lakini miguu – miguu ya marehemu baba yake! Nikampa maelezo yote. Usikae na mpira. Beki akija, mpe mwenzako, pita, pokea mbele. Anaitikia ndiyo baba mkubwa, ndiyo baba mkubwa. Halafu akashusha sauti: "Baba mkubwa, na huyo bwana akinitaka, niende?"

Mama yake alikuwa karibu anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

Nikamwambia nenda.

Ungo ukaendelea. Evaristo akaondoka na baiskeli yangu.

Jumamosi, 28 Mei

Ndege hawa wana akili ya mchezo. Wachache wanatua kulia, mimi nageuka, natupa udongo. Kumbe kundi lenyewe linashuka kushoto! Pembeni kabisa! Jana wamekula kipande chote cha huko. Wingi ya kushoto. Fulgensi asijue.

Nikajaribu kuwaeleza. Theodosia kutoka upande wa pili wa shamba akapiga kelele, shemeji, unawahubiria? Vuta madebe!

Mikono inauma. Mvuvi aliyepita na mtumbwi kaniuliza kama nimeajiriwa. Nikamwambia mimi ni wa kamati ya timu. Akatazama dungu, akanitazama mimi, akapiga kasia.

Jumapili, 29 Mei 1955. Pentekoste.

Misa nimekosa, Mungu anajua niko wapi.

Jua liliposogea nikajua wanaanza. Nikasimama juu ya dungu, nimeshika kamba. Theodosia kaja chini, kakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilidhani ameleta maneno. Akauliza, shemeji, saa hizi wanafanya nini?

Nikamwambia wanaanza. Mpira uko kwa Mahenge. Sasa umekuja kwetu. Evaristo kapokea. Katoa. Kapita, kapokea tena – na mimi navuta madebe hivi, pah!

Akauliza, hajaanguka? Goti lake la kulia bovu tangu mdogo.

Nikasema hajaanguka.

Basi nikamchezea mechi yote kutoka juu. Ndege wakija navuta kamba bila kukatisha. Goli la kwanza nilimpa Evaristo mapema. La pili nilitaka kumpa Pantaleo, nikaghairi, nikampa Evaristo. Theodosia alikuwa anapiga makofi polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mara akaacha makofi, akasema:

"Na akicheza hivyo, wanamchukua."

Nikavuta kamba. Kundi lilikuwa linashuka, nilikuwa na kazi.

Jumatatu, 30 Mei

Leo jioni Evaristo alitakiwa kufika. Hajafika.

Yule mvuvi karudi kutoka upande wa Ifakara. Nimemwita mpaka sauti imekwisha. Anasema alikuwa kivukoni, kelele alizisikia, nyingi sana, lakini za nani hajui. Mtu gani huyu! Watu wa namna hii ndio wanaochagua timu ya Tanganyika.

Theodosia kapika sahani tatu. Ya tatu kaifunika.

Jumanne, 31 Mei 1955

Asubuhi hajafika. Mchana hajafika.

Hesabu yangu ni rahisi. Hajaja, maana yake lori limeondoka naye. Maana yake nilisema kweli, na Fulgensi ameze pini zake. Bonde hili lina mtu wa Tanganyika, na mimi ndiye niliyemwona kwanza. Kila saa inayopita bila yeye, nashinda zaidi.

Na kila saa inayopita, dungu hili ni langu mpaka mavuno. Mgongo sasa unauma kweli, naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia.

Theodosia hajasema neno la kunilaumu. Ananiletea maji, anaangalia njia. Nilimwambia, shemeji, furahi, mwanao ni senta fowadi. Akasema, ndiyo. Akauliza huko Dar es Salaam watu wanalala wapi.

Sasa jioni. Kuna mtu njiani, mbali, kwenye majani marefu. Anasukuma baiskeli, au amebeba kitu begani, sioni vizuri. Anatembea polepole. Kama anachechemea, au ni matope tu.

Theodosia amesimama, mkono juu ya macho. Midomo yake inakwenda, anaomba awe yeye.

Mimi naomba asiwe.

Ndege wameshuka. Wamejaa kwenye mpunga, nawasikia wanavyokula, na hapa hakuna anayevuta kamba.