Mafuta Yaliyoganda Molo

Baba Zuhura, mume wangu,

Nakusalimu kama wanavyosalimiwa waliotangulia, kwa dua na kwa sauti ya chini. Sisi huku Gazi tu wazima, ila joto. Kaskazi imeshika, kuta zenyewe kama zinatoka jasho, na mwanao tangu asubuhi anazunguka ua akiniuliza neno moja tu: "Mama, naenda ama siendi?" Nimechoka kumwambia tutaona. Nimeketi upenuni niseme nawe, kwa sababu zamani wewe ndiwe uliyekuwa ukiamua, na mimi kazi yangu ilikuwa kunung'unika. Ilikuwa kazi nyepesi, sasa ndiyo naijua.

Zuhura amefaulu. Amepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, na shule yenyewe iko bara, jirani na Molo. Ndiyo, Molo ileile. Wenzake wanaondoka kesho. Mtoto ana kifua chako. Hata kipupwe chetu hiki, ambacho ni upepo tu wa kupendeza, humtia kikohozi. Nikimzuia, masomo yake yameishia hapa. Nikimwachia, nampeleka kwenye baridi iliyokuchukua wewe. Basi hilo ndilo lililonikalisha hapa, na chai imenipoa mkononi.

Nakumbuka siku uliyokuja na habari ya uhamisho. Bendera mpya haikuwa imepata hata kufifia rangi. Ulikuwa umeketi kitandani unavua viatu, ukasema, "Fundi wa simu sasa ni mtu wa nchi nzima." Nchi nzima! Mimi hata Likoni nilikuwa nikivuka kwa kusukumwa. Nilidhani Kenya yote ni kama hapa, ila watu wake wanasema lugha nyingine. Kwamba hata mbingu zinatofautiana, hilo hakuna aliyeniambia.

Tukaanzia Garissa. Unakumbuka ile redio ya jirani? Ikasema mvua za masika zimeanza nchini. Nami, mtoto wa Gazi, nikafanya kama anavyofanya mama kila mwaka: nikatoa masufuria, ndoo, beseni, hata birika, nikavipanga uani chini ya ukingo wa bati nikinge maji ya kwanza. Nikangoja. Likaja vumbi. Siku ya pili mama mmoja wa Kisomali akasimama mlangoni, akavitazama vyombo vyangu kwa adabu, akauliza, "Mama, hivi unauza bei gani?" Ulicheka ukakaa chini. Nami nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sababu wiki hiyohiyo mama alituma salamu kwamba mto umefurika, barabara ya Msambweni haipitiki, na sisi tulikuwa tukinunua maji kwa mwenye punda. Nikakuuliza, mvua ya nchi ni ipi, ile au hii? Ukasema waya za simu nazo haziielewi nchi hii, hapa zinalegea kwa jua, kule zinakazana kwa baridi, na wewe umelipwa uzipatanishe.

Kisha Molo. Tulifika mwezi wa saba, na mimi nimejiandaa: nimeongeza leso moja. Baridi niliyoijua ilikuwa ya kipupwe, ya kuamka na uvivuvivu na kutaka uji. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango, majani yote meupe, pumzi yangu inatoka kama moshi wa kuni mbichi. Nikarudi ndani nijipake mafuta. Chupa ya mafuta ya nazi, yale mama aliyoyakamua kwa mikono yake akayatia asumini, nikaikuta imekuwa nyeupe, imekazana, haimwagi hata tone. Moyo ukanipasuka. Nikasema yameharibika, au kuna jicho limetupata njiani. Nikaichukua kwa ncha ya leso nikaitupa kwenye shimo la majivu.

Ulipokuja kula ukaniona nimevimba uso. Nikakueleza. Hukucheka mara hii. Ulitoka na koti lako lile zito la kazi, ukaingia shimoni, ukarudi na chupa ina majivu shingoni. Ukaifuta, ukaitia kwapani ndani ya koti, ukanywa chai yako pole pole. Ulipoitoa, mafuta yalikuwa maji, yananukia asumini kama kwetu.

"Hayakuharibika," ulisema. "Yameona baridi tu. Hata wewe mwenyewe umeganda, na mimi sijakutupa."

Toka siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye nguzo zako, unakunywa chai na chupa kwapani, kisha unanipa. Hatukuwahi kulizungumza. Zuhura alikuwa mdogo, anakula mkate pembeni. Mimi nilidhani haoni kitu.

Ile mvua ya mawe ndiyo iliyokumaliza. Ulipanda nguzo mkavu ukashuka umelowa hadi mifupa, na kichomi hakikukupa muda. Wakakuzika siku hiyohiyo, Waislamu wachache wa pale mjini, Wanubi na wenye maduka, Mungu awalipe. Mimi nikabaki ndani, kama ilivyo kwetu. Nikakaa eda palepale Molo. Unajua mwenye eda hajipaki chenye harufu nzuri, basi chupa ikakaa dirishani, nyeupe, imeganda, muda wote ule. Nilipotoka eda nikaishika nijipake kichwani. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikachana nywele hivyohivyo kavu, tukapanda gari moshi, tukarudi.

Hapo ndipo nilipolia, Baba Zuhura. Si msibani. Ni pale, na chupa mkononi.

Sasa kaka yako Bakari amekuja jana na leo. Amekaa hapahapa nilipo, ameweka kofia magotini.

"Shemeji," akasema, "bara imeshamla baba. Mwataka kuitilia na mtoto?"

"Kaka, si mimi ninayetaka."

"Basi sema hapana. Nawe u mamaye, neno lako latosha."

Sikumlaumu. Analia ndugu yake kwa njia hiyo, kila mtu na njia yake. Mwalimu wa Zuhura naye, kijana wa Meru, akaja jana alasiri akanisalimu shikamoo kwa uangalifu kama mtu anayevuka maji, akasema, "Mama, hewa ya huko ni safi. Ni hii ya hapa inaua watu, na hizi mbu." Nilitaka kucheka. Nimemkumbuka Mama Wanjiku, jirani yetu wa Molo, aliyekuwa akiniletea jiko la makaa kila jioni nilipokuwa edani. Siku ya kuondoka alinishika mikono analia, anasema narudi kwenye homa, nitakufa na joto. Kila mtu anaiogopa mbingu ya mwenzake. Ile yake mwenyewe imemuua baba yake na babu yake, lakini ameizoea, basi si kitu.

Mimi nimezijua mbingu tatu, na nimechoka nazo zote. Nikilala hapa huku jasho linanitoka, najua kule uliko kuna ukungu. Kukinyesha hapa, najiuliza kama na juu yako kunanyesha. Watu husema mjane akirudi kwao hupumzika. Hawajui kwamba mimi naishi na hali ya hewa ya mahali pawili.

Nilikuacha hapo kidogo, sasa nimerudi. Baada ya adhuhuri nilifungua sanduku nikatoa lile koti lako, nilianike, iwapo litahitajika. Sikuwa nimeamua. Huku kwetu nani anauza sweta mwezi huu? Mwenye duka wa Ukunda alinitazama kama nimeulizia barafu. Nikalianika kambani, nikaenda jikoni. Kwenye begi la Zuhura nilikuwa nimetia chupa ya mafuta, ya mama huyohuyo, mikono yake sasa inatetemeka lakini asumini hajasahau. Nikamwita nimwonye, nisije nikasikia naye ameyatupa kama mimi.

"Zuhura, yale mafuta ya begini, huko yataganda. Usishtuke."

 Nikatoka. Alikuwa amesimama uani katikati ya jua la kaskazi, amevaa koti lako, mikono imempita vidole, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Chupa ilikuwa kwapani, ameibana vilevile ulivyokuwa ukiibana, bega moja juu.

"Najua, mama," akasema. "Hayaharibiki. Yanatiwa hapa, unakunywa chai, kisha yanakuwa maji."

Nikamfuta uso kwa leso. Nikamwambia akavue, akaoge, akalale mapema, kwa sababu safari ni ndefu. Akanitazama kuona kama nimesema nilichosema. Bakari nitamwendea mwenyewe kabla ya magharibi, nimpe heshima yake, lakini jibu nimeshalitoa.

Nimemwagiza, siku watakayoruhusiwa kutoka, afike makaburini, asimame nje ya ua akusomee Fatiha. Utamjua kwa koti. Mwambie mwenyewe, kama waliolala husema, kwamba mama yake alikuacha kule kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Huko ni baridi, najua. Sijakutupa.

Mkeo,
Mama Zuhura