Alama ya Ngamia wa Baba

Machakos,
Machi 2005

Mdogo wangu Kinsi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Garissa, na kwamba wanafunzi wako hawajakumaliza sauti. Sisi hatujambo, ila Shangazi Murayo analalamikia magoti, na akimaliza magoti ananilalamikia mimi.

Kazi ya rangi ipo. Juzi nilichora ukuta wa bucha ya Maundu. Aliagiza ng'ombe na mbuzi. Nilipomwongezea ngamia alifoka, akauliza ni Mkamba gani atamla huyo. Nikamwambia ampake chokaa basi. Mpaka leo hajampaka.

Nasikia wachoraji wengine kule Nairobi, waliookoka mauaji ya kimbari ya kwetu Somalia kama sisi, huchora moto na akina mama wanaolia, na wageni huja kutazama. Mimi siwezi. Shangazi anasema kuchora nyuso za marehemu ni dhambi, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba uso wa Mama umenitoka. Jeshi la serikali lilipoupiga mabomu mji wetu wa Hargeisa mwaka wa 1988 nilikuwa na miaka tisa, na picha zote ziliungua pamoja na Mama na Baba. Ninachokumbuka vizuri ni alama ambayo Baba aliwachoma ngamia wake pajani: mwezi mchanga na kistari. Ulipozaliwa wewe aliongeza kistari cha pili, akasema hicho ni cha Kinsi. Hakuna mwingine aliyekuwa na alama hiyo. Basi kila mnyama ninayemchora hapa mjini humtia alama ya Baba. Watu hudhani ni sahihi yangu. Kumbe ndiyo matanga yangu.

Sasa nisikilize. Yahye, mchumba wako, alipita hapa Alhamisi akitoka Konza kuuza mbuzi. Alisimama mbele ya ukuta wa Maundu, akacheka kwa furaha, akanikumbatia. Alidhani nimechora alama ya mifugo yao kwa heshima ya wakwe. Nikamuuliza imekuwa yao tangu lini. Akanieleza bila kuficha, maana hajui kama kuna la kuficha, kwamba wakati wa vita babake alikuwa afisa wa jeshi hilo kule kwetu, akarudi nyumbani na kundi zima la ngamia, na kila ndama aliyezaliwa tangu hapo amechomwa alama hiyo hiyo. Akaniahidi kwamba mahari yako itatoka kwenye kundi hilo, tena wale walionona.

Nilisema mashallah, Kinsi. Nilijichukia. Kijana mwenyewe hana kosa, na hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa nalo, ningemchukia nikapumua. Shangazi sijamwambia. Uamuzi ni wako, na ukimkubali sitakulaumu. Lakini sitaki ufike siku ya harusi bila kujua: ngamia watakaoletwa wana kistari chako pajani. Mahari yako atailipa Baba yetu mwenyewe.

Maundu anakusalimu, na Shangazi anakuombea dua kila swala. Ile alama ukutani niliifuta jana asubuhi. Jioni nikairudisha.

Kaka yako anayekupenda,
Ayanle