Harufu ya Chumba cha Hooyo

Kitengela,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta umekaa uani ukipukuchua mahindi, na magoti hayakusumbui kama ile siku ulinipigia. Ng'ombe ameshazaa? Na dawa ya presha, unameza kila siku ama unameza ukikumbuka? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na nimeamua kuandika kwa sababu wewe na simu hamsikilizani tena, na haya si mambo ya kupigiana kelele. Wifi atakusomea polepole.

Naandika pia kwa haraka kwa sababu mama Barasa atakuja hapo nyumbani, kama hajafika tayari. Atakwambia Nekesa hana shukrani, ameharibia mtoto wake kazi baada ya kutolewa kijijini na kufundishwa ufundi. Kweli, Barasa ndiye alinileta huku, na ndiye alinifundisha kufunga AC, zile mashine za kupoza hewa ndani ya nyumba. Hilo sikatai. Lakini sikiza na yaliyobaki.

Jumanne iliyopita Barasa alikuwa Kajiado mjini, anafunga mashine kwa duka la dawa. Mimi akanituma peke yangu kwa nyumba moja hapa Kitengela, ya mama anaitwa Halima. Ni watu wa Garissa. Bwanake ananunua mbuzi soko la Kajiado, yeye anauza nguo hapa. Alikuwa amepiga simu kusema AC ya chumba cha mamake haipozi tena. Huyo mamake ni mzee sana, wote wanamwita Hooyo, yaani mama kwa lugha yao. Kifua chake hakiwezi vumbi, na wewe hujaona vumbi ya Kitengela wakati wa kiangazi. Ukifungua dirisha asubuhi, saa nne unaweza kuandika jina lako juu ya meza. Ndiyo maana walimwekea AC, dirisha likae limefungwa.

Mama, kufungua tu mlango wa kile chumba, harufu ilinirudisha nyuma hatua moja. Ilikuwa ya choo. Choo kabisa, na juu yake udi mwingi umechomwa kuifunika, ikawa mbaya zaidi. Hooyo alikuwa ameketi kitandani, shuka nyeupe, nguo zimepigwa pasi, mgongo umenyooka. Mikono tu ndiyo ilinishangaza. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kama ya mtu anafua nguo za watu kila siku.

Halima akaninong'oneza mlangoni, "Pole, dada. Ni uzee. Tunamwosha asubuhi na jioni lakini wapi."

"Ilianza lini?"

"Miezi mitatu sasa. Hata fundi wenu alikuja kuangalia, akasema mashine haina shida. Alituambia watu wa umri huu hawajizuii."

Yule mzee akasikia. Akasema kwa Kiswahili chake kidogo, akiangalia ukuta, "Si mimi. Kila siku nasema, si mimi."

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ndiye ulinizaa. Nilimwamini Halima. Nilichukua ngazi yangu nikaihamisha upande wa pili, mbali na kitanda. Hooyo aliniona nikiihamisha. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Nikaanzia nje. Ile mashine kubwa ya nje ilikuwa imeshikwa na skrubu fupi ambazo hazijafika kwa jiwe, zimeshika plasta peke yake. Niliisukuma kwa kiganja ikacheza, na hapo chini ndipo wajukuu wa Hooyo wanachezea. Waya wa stima ulikuwa umeungwa kwa tepu, na tepu imeungua ikawa nyeusi. Mkono wa fundi unajulikana kama mwandiko wake, na huo mkono niliujua.

Halafu nikatafuta bomba la maji. AC ikipoza hewa inatoa maji, kama vile chupa ya soda baridi inatoka jasho. Hayo maji lazima yatolewe nje, mahali unaweza kuyaona yakidondoka. Nilizunguka nyumba yote sikuona bomba. Nikarudi ndani, nikauliza, na Halima hakujua.

Hooyo ndiye alijibu. "Mashine ikinyamaza, harufu inaenda. Ikiwaka, inakuja. Nimewaambia."

Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na utando mweusi unateleza kama kamasi, na mende wadogo wakanimwagikia kwa mkono. Mende, Mama, ndani ya kitu kinachopulizia mtu hewa usoni. Nikafuata bomba mpaka linapoingia ukutani. Upande wa pili wa huo ukuta ni choo. Barasa alikuwa ametoboa ukuta na kulisukuma ndani ya bomba la choo, linaloenda moja kwa moja kwa shimo la uchafu, bila hata ile kona ya kushika maji ambayo sinki yoyote huwa nayo ili harufu isirudi. Kulitoa nje kungehitaji mita tatu tu za bomba na saa moja ya kazi. Kwa hivyo miezi mitatu ile feni imekuwa ikivuta hewa ya shimo la choo na kumpulizia yule mzee kwenye mto wake.

Nilipolichomoa, Halima alifunika pua kwa mtandio. Nikaziba tundu la bomba la choo kwa kitambaa, nikampigia Barasa, simu nikaweka kwa spika.

"Bomba la maji liko ndani ya bomba la choo," nikamwambia.

"Najua. Rudisha, ufunike. Waambie gesi imeisha."

"Na harufu?"

Akacheka. "Si niliwaambia ni huyo shosho? Na waliamini. Wewe fanya kazi, wacha maneno."

Halima alikuwa amesimama kando yangu. Alienda akapiga magoti mbele ya mamake, akashika ile mikono iliyopasuka, akalia na kuongea Kisomali kwa muda mrefu. Hooyo alimwacha alie. Halafu akasema maneno machache, na Halima akainuka mbio kwenda jikoni.

"Amesema nini?" nikamuuliza aliporudi.

"Ameomba maji ya udhu. Alikuwa anatawadha mara nne, mara tano kwa kila sala, akifikiri yeye ndiye mchafu. Sasa amesema nimletee ya mara moja tu."



Nilimaliza ile kazi kesho yake, bomba nje, skrubu ndefu ndani ya jiwe, waya mpya. Barasa alikuwa amerudi kutoka Kajiado. Aliniambia nimemvua nguo mbele ya wateja, na kwamba atanirudisha kijijini vile alinitoa. Nilimwekea mkoba wa vifaa vyake mezani nikaondoka. Ijumaa nilienda Tuala, kwa nyumba tulifunga pamoja mwaka jana. Bomba lilikuwa sawa, lakini skrubu zilikuwa fupi, na hizo nilizikaza kwa mkono wangu mwenyewe bila kuuliza swali. Nilimwambia mwenye nyumba ukweli. Alinitukana sana, kisha akashika ngazi nikapanda kuzibadilisha. Nyumba zingine ziko sita. Nitazipitia zote, nisikie matusi yangu.

Mama Barasa akija, mkaribishe, mpe chai, yeye hajakosa. Lakini asikutume uniambie nimwombe mwanawe msamaha. Kama huyo mwanawe anataka amani, kwa Halima anapajua. Aanzie huko, kwa magoti.

Nisalimie kaka na wifi msomaji, nisalimie nyanya yangu, kukhu, na umwambie blanketi yake iko njiani, na yule mwalimu wa kwaya pia. Mungu akuweke, Mama. Usiwe na wasiwasi juu ya chakula. Nikipita kumjulia Hooyo hali, Halima hukataa niondoke kwake kabla sijala, na jana Hooyo mwenyewe alinipakulia, kwa mkono wake, nikala nikamaliza.

Ni mimi binti yako,
Nekesa