Boksi Chini ya Pijo ya Baba

Jumatatu, 3 Juni 1996
Baba mdogo Shigela kabadilisha oil ya pikapu ya baba. Bila kumuuliza mtu! Tangu baba afariki yeye ndiye dereva. Mama anapakia mpunga Magu, sisi tunakula kwa gari hilo. Sasa kaleta kopo la oil mpya ya sintetiki kutoka Nyamagana, linang'aa kama zawadi ya harusi. Anasema maduka yamejaa vitu vya nje, sisi tu tumeng'ang'ania oil ya kizamani. Nilisema Pijo ina miaka ishirini, sili zake, ile mipira inayozuia oil isivuje, zimechoka, zikaguliwe kwanza. Akacheka. Eti Form Six hawafundishi injini.
Ni kweli. Alinifundisha baba.

Jumatano, 5 Juni
Jana nilitandaza boksi chini ya injini, kama baba alivyofanya kila jioni. Asubuhi alilisoma kabla ya chai. Tone moja, safari. Matano, anaitwa fundi.
Leo: tisa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kwa Hasham, aliyeuza lile kopo. Oil haina kosa, alisema kwa upole. Inasafisha. Uchafu mkongwe ndio uliokuwa umeziba sili zilizochakaa, ukitoka, inavuja. Sili mpya kwanza, ndipo oil. Na alimwambia baba mdogo hayo hayo.
Kumbe alijua! Alijua, na akanicheka.
Mama anasema nisimvunjie heshima baba yangu mdogo. Heshima!

Ijumaa, 7 Juni
Doa kubwa kama sahani. Nimelibeba boksi hadi mezani, nikaliweka kando ya chapati. Baba mdogo hakulitazama. Mama akalikunja, akaendelea kumimina chai.

Jumamosi, 8 Juni
Leo safari ya Magu. Boksi kavu kabisa. Nilifurahi – kidogo tu. Jana jioni nilitandaza la sabuni. Hili ni la biskuti. Kalibadilisha! Mtu mzima!
Nilivuta kijiti cha kupimia oil. Kikavu hadi ncha. Nikachomoa ufunguo wa gari, nikajifungia chumbani.
Baba mdogo anagonga. Kasema nikiolewa nitarudishwa ndani ya wiki. Naandika ili nisimjibu.
Mama ameshakaa kiti cha mbele, kitenge cha safari begani. Nimemwita dirishani.
"Mama, usiniamini mimi. Vuta kijiti, uangalie mwenyewe."
Mlango wa gari unafunguliwa.
Mama ameshuka. Sasa boneti – inanyanyuliwa.