Gongo Lilikuwa Mikononi Mwangu

KITUO CHA POLISI CHA ÅSVIK
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ragnhild Thörnkvist
Umri: Miaka 58
Kazi: Dereva wa mashine ya kulainisha barafu, uwanja wa Åsvik
Makazi: Kvarngatan 9, Åsvik

Ninaeleza kwa hiari yangu. Sikufundishwa na mtu, ingawa yupo aliyejaribu.

Mnamo tarehe 16/02/2019, saa tano na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa nimemaliza kumwagia maji ya moto uwanja mkubwa, tayari kwa nusu fainali ya wanawake ya bandy, mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, Ufini na Norwe. Maji hayo huganda kwa robo saa.

Mwenyekiti wa klabu, Torkel Rydmark, alifika na wazee wenzake wenye magongo ya kuchezea. Alisema wanaume watafanya mazoezi hapo, wanawake waende uwanja mdogo wa nyuma. Nahodha wa Ufini, Tuulikki Harjanne, alikuwa kwenye lango la kuingilia akifunga kamba za viatu. Gongo lake alinipa mimi nimshikie.

Alisimama akamwambia Torkel, "Mzee wangu, hatukulala melini ili tuje kucheza uani."

Torkel alimpita kwa hasira akaingia uwanjani. Nilimwita arudi. Mtu aliyeongoza klabu miaka kumi na tisa, akakanyaga barafu mbichi kwa viatu vya soli ya ngozi! Alianguka chali, mkono ukavunjika. Hakuna aliyemgusa.

Alipopelekwa hospitali mechi ilichezwa, Ufini wakashinda 3–1. Sasa nasikia anasema Tuulikki alimpiga kwa gongo, nanyi mmemzuia hapa kituoni. Labda lilikuwa na mabawa. Mimi ni Mswidi, na kesho fainali ni wao na sisi. Nataka wasichana wetu wamfunge akiwa uwanjani, si akiwa mahabusu.

Saa tisa alasiri Torkel alinipigia simu. Alisema, "Ragnhild, wewe hukuona kitu. Kazi yako si unaipenda?"

Naipenda. Miaka yote hiyo nimemnyamazia, leo basi. Akitaka kunifukuza anifukuze kwa barua, nami nitaibandika langoni watu wasome.

Sina la kupunguza katika niliyosema. Ufunguo wa mashine ninao mimi. Kesho saa nane mchana wanawake watacheza uwanja mkubwa, na barafu yake nitaiandaa mimi.

Sahihi: R. Thörnkvist

Maelezo yameandikwa nami, Sajini Ebba Wikner, leo saa kumi na moja jioni. Shahidi amesomewa akakubali. Nilimshauri afute sentensi ya mwisho kwa kuwa haihusiani na shauri. Amekataa. Sikumlazimisha. Nahodha ameruhusiwa kwenda.