Mwanamke Mwingine Amekalia Kiti Chako, Profesa

Profesa,

Jumatatu nilimfikisha ofisini Naibu Chansela mpya wa chuo chetu. Ni mwanamke. Nikaona habari hii nikuandikie mimi, dereva wako, maana wewe ndiwe uliyefungua mlango huo, na ulifariki kabla ya kumwona mwingine akipita.

Hapa Kakamega watu wameuliza amesomea nini na ametoka wapi. Sijasikia hata mmoja akiuliza mumewe atapikiwa na nani. Wewe uliulizwa hilo, na mmoja wa waliouliza nyuma ya mgongo wako ni mimi. Nisamehe. Nilikuwa nimewaendesha wanaume watatu, na madereva wenzangu walinicheka kwamba sasa nitabeba mikoba. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Uliisoma yote mbele yangu, ukaniuliza jina la kifungua mimba wangu, kisha ukasema, "Baba Ayuma, nipe mwezi mmoja. Ukiona nimeshindwa kazi, nitaitia sahihi."

Mwezi huo ukawa miaka minne.

Sikuwahi kukushukuru vizuri kwa siku ya maandamano. Wasichana wa chuo waliopanga vyumba mtaa wa Shirere walikuwa wakiporwa na kushikwashikwa kwenye kijia kisicho na taa. Walilalamika mpaka wakachoka, ndipo wakafunga barabara. Wewe ulipigiwa simu ukae nyumbani, polisi watamaliza. Ukaniambia twende. Tulipokaribia nikamwona binti yangu Ayuma, naye mwanafunzi wa chuo, mstari wa mbele, ameshika tawi, na polisi wamesimama na rungu. Nikasimamisha gari. Sikukuambia kwamba ni wangu. Ulishuka peke yako, ukawaomba polisi wangoje, ukaketi kwenye nyasi na suti yako nzuri, ukasema, "Anayeishi Shirere anieleze."

Aliyesimama ni mwanangu. Alipotaja jina lake uligeuka ukatazama gari. Ulielewa.

Jioni hiyo ulitembea nao kijia chote, mimi nikifuata na tochi. Ulijikwaa mara mbili. Kabla ya muhula kwisha taa zilikuwa zinawaka na walinzi wamewekwa. Ayuma alirudi kwetu Chekalini akiwa mzima, Profesa. Mzima. Leo ni mwalimu. Nikimkuta anasahihisha madaftari, nakukumbuka.

Nayakosa mengine pia, madogo. Ulikuwa ukiniulizanga kila mchana kama nimekula. Mahindi ya kuchoma tulinunua mawili, wewe ukila huko nyuma, mimi hapa mbele, na hakuna aliyeona ajabu.

Kuna jambo moja tu ambalo hatukuwahi kuliongea. Wiki ile ya maandamano baraza la chuo lilikuita, wakakuambia umetawaliwa na watoto kwa sababu u mwanamke. Uliingia garini, ukafunga mlango polepole, ukalia. Nilizima redio nikashika njia ndefu, nikazunguka mpaka ukajipangusa uso na kusema, "Haya, twende kazini." Sijamwambia mtu, hata mama Ayuma.

Mwisho wa mwaka nastaafu. Pumzika sasa, Mama. Asante kwa mtoto wangu. Huyu mpya nitamwendesha mpaka siku yangu ya mwisho, na akipatwa na siku kama ile yako, nitashika njia ndefu na sitamuuliza neno.

Ni mimi,
Baba Ayuma