Mia Wanaofanana Nami

11 Machi

Mdogo wangu,

Sauti yangu ilikatika Jumapili ya tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, nikibishana na mwenye lori juu ya kipimo cha turubai. Nilifungua mdomo kusema "mita saba," ikatoka pumzi tupu. Yule bwana akadhani nimekubali sita, akaondoka anacheka.

Salamu ndizo hizi sasa. Hujambo? U mzima? Huku karakana nzima, cherehani zote nzima, mwenye nazo ndiye mbovu. Tangu siku hiyo nakwaruza kama bawaba kavu, ndiyo maana naandika.

Daktari wa koo alikata kipande cha nyama kooni, kikapimwa. Aliyeahidi kurudi ni wewe. Iliyorudi ni saratani. Palepale, upande uleule wa kushoto.

Tuongee kama watu wazima. Miaka miwili iliyopita, nilipoambiwa nichague kukatwa au kupigwa mionzi, nilikuuliza wewe, kwa kuwa ndiyo kazi uliyoiendea huko ng'ambo: kukaa na wapasuaji mkibashiri nani atapona na nani hatapona. Ukasema mionzi, themanini kwa mia hupona na sauti yao. Nikachagua mionzi. Namba siilaumu. Namlaumu aliyeileta bila kuniambia kwamba wale ishirini nao ni watu, na mmoja wao anashona maturubai.

Sasa wanataka kutoa kisanduku chote cha sauti. Nitapumua kwa tundu la shingoni, na sauti yangu ndiyo basi tena. Nisipokatwa, uvimbe utaziba njia ya hewa. Nipigie hesabu yako upya. Safari hii nipe yote.

Kaka yako


19 Machi

Shikamoo kaka,

Pole sana. Barua yako niliisoma kwenye simu, nimesimama koridoni, watu wakanipita wakidhani nasubiri lifti. Wifi hajambo? Unakula? Unameza bila kukwama? Nijibu hayo, maana hata uzito wako unaingia kwenye hesabu.

Lawama nimeipokea. Sikupata pa kuiweka, nimeikalia.

Nimeingiza umri wako, ukubwa wa uvimbe, na muda uliopita tangu mionzi. Ugonjwa ukichelewa kurudi ni nafuu. Wako haukuwahi wala haukuchelewa. Jibu ni hili: ukikatwa, katika watu mia wanaofanana nawe, arobaini na sita watakuwa hai baada ya miaka mitano. Ila namba hiyo ina upana wake. Huenda ni thelathini na moja, huenda ni sitini. Na kwa kuwa shingo ilishapigwa mionzi, mtu mmoja kati ya watatu mshono wake huvuja mate wiki za mwanzo. Usipokatwa, sihitaji mashine kukujibu.

Uamuzi ni wako, kaka.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Nameza. Nimepungua kilo nne, ziingize.

Eti kati ya thelathini na moja na sitini! Mimi nikimwambia mwenye lori kwamba turubai lake lina urefu kati ya mita thelathini na moja na sitini, atanifunika nalo nikiwa hai. Na mnaitwa wataalamu.

Hao mia wanaofanana nami ni akina nani? Wanashona nini? Nani aliwahesabu, na alisimama wapi akiwahesabu? Sitoi shingo kwa ushahidi wa watu nisiowajua. Mpaka nijibiwe, karatasi ya upasuaji sisaini.

Na usiniandikie tena kwamba uamuzi ni wangu. Hilo hata mlinzi wa getini pale hospitali ameshaniambia.

Kaka yako


5 Aprili

Shikamoo kaka,

Za nyumbani? Kilo nne nimeziingiza. Namba ilishuka kidogo, mimi nikashuka zaidi. Kula, tafadhali.

Umeuliza hao mia ni akina nani. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza, hata daktari. Basi juzi nikaketi nikaifumua namba yako kama unavyofumua pindo. Kwanza, si mia. Mia ni namna yetu ya kusema tu. Ni watu mia tatu na kumi na moja, ambao saratani ya koo iliwarudia baada ya mionzi, wakakubali kukatwa. Majina yamefutwa, lakini kaka, watu wamebaki. Kwenye skrini kila mmoja ni mstari unaoanzia siku aliyopasuliwa na kwenda kulia kadiri alivyoishi. Ukiugusa, unakuonyesha umri, upande wa shingo, kazi yake. Nimekutana na mwokaji mikate. Nimekutana na mwalimu wa kwaya. Huyo mstari wake ulikatika mwezi wa pili baada ya kupasuliwa. Mingine inaishia hewani, mtu alihama na hakuna anayejua habari zake.

Kisha nikamgusa mmoja mwenye umri wako kamili, upande wa kushoto, muda uleule tangu mionzi. Mstari wake ukafika ukingo wa skrini. Nikaburuta, ukaendelea. Nikaburuta tena. Miaka kumi na mmoja, na bado unakwenda.

Nilitoa mkono kwenye kipanya nikauweka mapajani. Hii kazi naijua, programu hii nimeiandika kwa vidole vyangu, na siku hiyo niliiogopa kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada na viatu. Hakuna hata mmoja wao aliyekatwa kwa ajili yako. Wala hawakujua kwamba upo. Na bado wote wamekutangulia, wengine kwa roho zao, kukupimia njia.

Upana unaoucheka sababu yake ni kwamba ndani yake hamna hata mmoja wa kwetu. Hatujawahi kuhesabiwa. Ukikatwa, ukakubali kuingizwa, utakuwa wa mia tatu na kumi na mbili, na namba atakayopewa mtu wa nyuma yako itasogea. Ukipona itasogea. Usipopona itasogea pia. Ulisema nikupe yote, ndiyo hiyo.

Na la mwisho si la kompyuta: ingekuwa shingo yangu, ningekatwa.

Mdogo wako


22 Aprili

Shikamoo kaka,

Habari za siku nyingi? Nimeandika, hujajibu. Nimempigia wifi, hapatikani. Kazini kwetu mtu asiyejibu tunamwandikia "hajulikani alipo," na mstari wake tunauacha hewani. Tafadhali usinifanyie hivyo.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Alipo anajulikana: alikuwa amelazwa. Wamenipima moyo, mapafu, meno, wakaninenepesha kwa uji wa mrija mpaka kilo tatu zikarudi. Simu tulikuwa nazo wote wawili, mimi na wifi yako anayeniuguza, chaji hatukuwa nayo. Wodi ina tundu moja la umeme, na limekaliwa na mgonjwa anayetazama mpira.

Nimeona mambo. Daktari alipitisha kamera puani, nyembamba kama mrija wa soda, akanigeuzia skrini. Mdogo wangu, nimemwona mwenye sauti. Nilidhani ni kitu kikubwa, maana kimenilisha, kimefukuza wezi, kimemposa wifi yako. Kumbe ni nyuzi mbili nyeupe, fupi kuliko pingili ya kidole! Akasema, "Sema iii." Ya kulia ikaruka. Ya kushoto ikakaa, imevimba. Nikasema "iii" tena bila kuambiwa, nikiitazama tu, na tena, mpaka akasema, "Basi mzee, tumeona."

Kisha mpasuaji akanichorea. Shingo iliyopigwa mionzi haishiki uzi vizuri. Kwa hiyo watachukua ngozi na nyama ya kifuani, bila kuitenga na mshipa wake wa damu, waipitishe chini ya ngozi mpaka kooni, wanishonee njia ya kumezea. Kiraka kinachokuja na damu yake! Nimeshona viraka tangu sina hata sindano yangu mwenyewe, sijawahi kushika kilicho hai. Nikamwandikia: na nywele za kifua je? Akasoma, akacheka. "Zinaweza kuota humohumo." Nitakuwa wa kwanza katika ukoo wetu mwenye ndevu za ndani.

Kliniki nilikaa na mama mmoja, mpishi wa shule, mwenye tundu shingoni na kitambaa cha maua juu yake. Wamemwekea kijimlango cha plastiki cha kusemea. Si kila mtu huwekewa. Nikamwandikia: walikupa ngapi kwa mia? Akabonyeza kidole pale, ikatoka sauti nzito kama ya mjomba: "Thelathini. Nikawaambia, hao sabini wapeni pole, mimi Jumatatu nina zamu." Akacheka, kidole kikateleza, kicheko kikatoka shingoni kama upepo chini ya mlango. Sikujua nitazame wapi. Nikatazama palepale.

Nimesaini zote mbili, ya kukatwa na ya kuhesabiwa. Niingize. Kwenye kazi andika "fundi wa maturubai." Nisije nikasikia umeandika "nyinginezo."

Wananikata Ijumaa asubuhi. Nilimuuliza daktari kama niitunze hii sauti iliyobaki. Akasema, "Uitunzie nini? Itumie yote." Nimeipima. Inatosha mtu mmoja, na nisipofoka. Wifi yako alishapata sehemu yake miaka ishirini na sita, watoto nao walifokewa vya kutosha. Hii ni yako. Nitakupigia Alhamisi, saa kumi jioni ya huku. Usiniambie una kikao. Usiniambie mtandao. Na usilie, maana sitajua kama ni wewe au ni mimi ninayekwaruza.

Utapokea, au hutapokea? Neno moja tu, na liwe limenifikia kabla ya Jumatano saa sita mchana.

Kaka yako